Robo ya Robo

Kanzu ya Mzee Nasoro ilikuwa bado kwenye kamba
gari langu lilipoitemea masizi.
Ijumaa, saa nne asubuhi.
Mkewe hakusema neno. Aliianua,
akaja nayo hadi mlangoni kwangu, akaitundika kwenye kitasa,
akaenda zake.

Ndiyo maana leo Jumapili niko nyuma ya nyumba, Chang'ombe,
boneti juu, kanga kiunoni,
natafuta tundu dogo kuliko la sikio.

Gerezani nilishakwenda. Fundi Kapalata
hakuinama hata kutazama:
"Bi Tausi, Pijo ya themanini na nne?
Ng'oa injini hiyo, weka ya Toyota, upumzike."
Nikamnunulia soda, nikarudi na alenkii ya milimita tatu,
ndefu kama sindano ya magunia.
Kupumzika nitapumzika siku yangu ikifika.

Hili halina kompyuta ya kulisemea.
Hewa inaingia, inainua sahani,
sahani inasukuma pini, pini inafungulia petroli,
petroli inagawanywa kwa mirija minne
kama uji wa watoto wa tumbo moja.
Miaka thelathini nimeosha vioo vya maabara ya shule,
nimepima tindikali kwa tone,
sijaona mizani nyepesi kama sahani hiyo.

Injini kwanza ipate moto.
Kulia ni kulisha, kushoto ni kunyima.
Nikauteremsha ufunguo gizani, ukanasa,
nikazungusha kushoto, robo nzima.
Ikatetemeka kama mtu aliyetajiwa bei,
ikazima.

Shomvi, mjukuu wa kina Nasoro,
ananishikia tochi ya simu yangu ingawa jua linawaka.
"Bibi, umeiua?"
Sijaiua. Nimeinyima kupita kiasi.

Rudisha. Washa. Sasa robo ya robo,
ambayo si kuzungusha, ni kuwaza kuzungusha.
Chomoa ufunguo. Ziba tundu kwa kidole. Piga resi moja.
Sikiliza.
(Mara moja nilisahau kuuchomoa. Hiyo sitaisimulia.)

Mashine ya kupima moshi sina. Nina pua.
Moshi wa aliyeshiba mno unachoma macho
na nyuma yake una utamu, kama embe lililolala.
Waliosema haba na haba hujaza kibaba
hawakuziona plagi zangu:
kibaba kilijaa, kikamwagika,
zikawa nyeusi kama chungu cha kunde.

Na Kheri, mwanangu, huko Tabata,
kila aliponililia nilizungusha kulia.
Kodi, kulia. Pikipiki, kulia. Pikipiki ya pili.
Nilimsikia akikohoa maneno, nikasema ni baridi, atachangamka.
Mwezi uliopita nikakata, kushoto, robo nzima, kwa mkono mmoja.
Hajapiga simu tangu siku hiyo.

Robo ya robo. Chomoa. Ziba. Resi.
Nimeweka glasi ya maji juu ya kifuniko cha chujio;
maji yalikuwa yanacheza mdundiko,
sasa yanakunja uso tu, kidogo,
kama anayetafuta jina la mtu.
Sailensa imetulia. Inamisi mara moja, inajishika.
Mkamilifu hayupo hapa, gari lina miaka arobaini.

Nikaingia ndani, nikatoka na kanzu.
Nimeifua mara tatu, ndimu na jua.
Nikaianika kwenye kamba ileile, pale pale ekzosi inapopumulia,
nikakanyaga mafuta.

Mama Nasoro alikuwa anatoka na beseni.
Akasimama.
Kanzu ikajaa upepo, mikono ikainuka, ikashuka.
Nyeupe.
Hakucheka. Aliweka beseni chini akaanza kuanika zake,
kwanza mashuka.

"Shomvi, nipe simu."
"Na tochi, Bibi?"
"Izime. Panaonekana."